Kufundisha Hoja si Kufundisha Ubishi



Jumapili moja baada ya ibada, mzazi mmoja wa mtaa wetu alitusogelea akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka. Binti yake anasoma sekondari, na alikuwa amerudi likizo na tabia mpya: akiambiwa jambo, huuliza, "Kwa sababu gani?" Mzazi yule akasema, "Ninyi mnaofundisha Kiingereza mmewazoeza watoto wetu kusoma michezo ya kuigiza na kubishana. Je, hiyo ndiyo elimu tunayoilipia, au ni ukaidi?"

Swali lake ni la haki. Mzazi aliyemfunza mtoto kuwaamkia wakubwa, na kunyamaza wanapozungumza, yafaa aelezwe kwa nini shuleni mtoto huyo huyo husimamishwa mbele ya wenzake na kuambiwa, "Haya, pinga hoja hii." Tena katika mdahalo mwanafunzi hupangiwa upande, na pengine hutetea jambo asiloliamini. Je, hapo hatumfundishi kusema uongo kwa ufasaha?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe.

Kwa miaka mingi vijana wa sekondari katika Tanzania wamesoma mchezo wa kuigiza wa Guillaume Oyono-Mbia, mwandishi wa Kameruni, uliotolewa kwa Kifaransa mwaka 1964, na ambao kwa Kiingereza huitwa Three Suitors: One Husband. Juliette, msichana wa sekondari, anarudi kijijini kwao na kukuta kwamba baba yake, Atangana, amekwisha kupokea faranga 100,000 za mahari kutoka kwa kijana mkulima aitwaye Ndi. Mara anafika Mbia, mtumishi wa serikali, naye anatoa 200,000. Juliette hakuulizwa lolote. Mchumba wake ni Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Basi fedha zile zinaibwa kwa hila ya Juliette na wenzake, kisha Oko anakuja amevaa kama mtu mkubwa, anamlipa Atangana kwa fedha zile zile, naye anapewa mke.

Tuliufundisha mchezo huu kama walimu wengi wanavyoufundisha. Tuliandika ubaoni kwamba Juliette ni mfano wa ushujaa na Atangana ni mfano wa tamaa, na wanafunzi wakanakili. Ndipo binti mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye ilikuwa nadra kumsikia, akanyosha mkono akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, lakini Juliette si ameiba?" Darasa likacheka. Sisi tukamwambia kwamba hicho ni kipindi cha Kiingereza, na kwamba asiyeweza kusema Kiingereza awaachie wanaoweza. Akakaa.

Jioni ile tulikaa kusahihisha madaftari. Daftari baada ya daftari tulikuta maneno yetu wenyewe, na hata kosa tulilolifanya ubaoni lilikuwa limenakiliwa kwa uaminifu. Hapo swali la binti yule likaturudia. Ni kweli, Juliette aliiba, na katika miaka yote ya kufundisha kitabu hiki hatukuwa tumelitazama jambo hilo.

Tukaona na jingine lililotuumiza zaidi. Kinachomchoma Juliette ni kwamba wakubwa wanakaa na kuamua habari zake bila kumpa nafasi ya kusema. Na sisi, tukiwa katika kumlaumu Atangana, tulikuwa tumemnyamazisha binti wa watu. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha nabii Nathani, aliyempelekea mfalme Daudi hadithi ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini. Daudi alihukumu upesi, kisha akaambiwa mtu huyo ni yeye. Hadithi ina uwezo huo. Hutufanya tuhukumu kwa haki kwanza, kisha hutugeuzia uso wetu tuuone. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwasomesha vijana fasihi, na mwalimu naye hajaachwa nje.

Katika kipindi kilichofuata tulimwomba binti yule radhi mbele ya wenzake, tukaliweka swali lake kuwa somo la siku ile. Tuliwaruhusu wazungumze kwanza kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza. Watoto wetu husoma shule za msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari hudaiwa kufikiri kwa lugha ambayo wengi wao hawaisikii nyumbani. Kijana akinyamaza katika Kiingereza, tusidhani kichwa chake ni kitupu.

Mmoja alisema hakuna wizi, maana fedha zilirudi mkononi mwa Atangana. Mwingine akajibu kwamba zilikuwa za Ndi na Mbia, na hao hawakuulizwa. Wa tatu akasema mtu anayeuzwa hana baraza jingine la kushitaki. Binti yetu hakusema neno. Jeraha la kuchekwa haliponi kwa siku moja. Baada ya majuma kadhaa tulifanya mdahalo, naye akapangiwa kumtetea Juliette aliyekuwa amemlaumu. Alisimama, akasema vizuri, upande wake ukashinda. Tulipomwuliza baadaye yeye mwenyewe anaamini nini, alijibu, "Sasa naelewa kwa nini aliiba. Lakini bado nasema aliiba."

Kwa maoni yetu, jibu hilo linamjibu mzazi wetu pia. Binti yule hakufundishwa uongo. Uongo humtaka mtu wa kudanganywa, na katika mdahalo kila asikiaye anajua kwamba pande zimepangwa. Alichojifunza ni kukaa mahali pa mtu asiyekubaliana naye, akaona sababu zake, bila kuiacha dhamiri yake.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba hatari haipo. Kijana anayezoea kushinda kwa maneno anaweza kuacha kujali lililo kweli. Kwa hiyo tumejiwekea masharti matatu. La kwanza, kabla ya kumpinga mwenzako, rudia hoja yake mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. La pili, onyesha kitabuni mahali panapokuunga mkono. Mtihani nao hutaka mifano kutoka kitabuni. La tatu, baada ya mdahalo kila mmoja aandike anavyoamini yeye mwenyewe, na ni neno gani la upande wa pili lililomsumbua. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mbishi hawezi kutimiza masharti haya, maana hasikilizi.

Basi mzazi mwenzetu, binti yako akikuuliza "Kwa sababu gani?", tunakuomba usimfukuze. Yako mambo ambayo mtoto hana budi kuyatii kwanza na kuuliza baadaye, nawe mwambie hivyo waziwazi. Lakini inapowezekana, mpe sababu yako, kisha mdai na yeye ya kwake. Mwambie airudie kauli yako kwanza, kwa adabu, kabla ya kuipinga. Akishindwa kufanya hivyo, ni mkaidi, nawe una haki ya kumrudi. Akiweza, ujue amekusikiliza kuliko yule anayeitikia "ndiyo" na kwenda zake.

Nasi walimu tunalo la kujiuliza kila tunaposhika chaki. Akinyosha mkono leo mtoto asiyezoea kusema, na Kiingereza chake kikawa kibovu, je, tutasikia swali lake au tutasikia makosa yake tu?