Jembe la Msanii Mgeni

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, na shuleni hufundishwa pamoja kana kwamba zasema neno moja. Ya kwanza ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Azitazamaye kwa makini ataona kwamba zavutana, kwa kuwa ya kwanza yamfanya mgeni kuwa mleta heri, na ya pili yamfanya kuwa mdaiwa. Suali langu limo katikati ya hizo mbili. Mtu aliyefukuzwa kwao na vita au na watawala, ambaye kazi yake ni kuchonga, kupiga ngoma au kutunga mashairi, siku ya tatu apewe jembe gani?

Suali hili sikulipata kitabuni. Mwaka 1997 nilikuwa karani kijana serikalini, nikatumwa katika kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma kuorodhesha mahitaji ya watu waliotoka Burundi. Nilikuwa na fomu yenye safu za mablanketi, sufuria, mbegu na majembe. Akaja mbele yangu mzee mmoja, mpiga ngoma, akasimama kwa adabu. Nikamwuliza kama amepata jembe. Akajibu, “Jembe nimepata, bwana, na ninashukuru. Ninaomba ngozi moja ya ng’ombe.” Nikamwambia, “Mzee, ngozi haimo.” Nikaita jina lililofuata. Wakati huo mimi mwenyewe nilikwisha kuanza kutunga mashairi, na jioni ile ile, katika nyumba ya wageni, niliandika beti kadhaa juu ya machungu ya ukimbizi. Beti hizo nilizichana miaka mingi baadaye.

Nilikuwa sijui nilichomnyima. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na lina maana ya ufalme pia, na mti unaochongwa ngoma hizo wenyewe huuita umuvugangoma, yaani mti unaozisemesha ngoma. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma zilibaki, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Kumbe yule mzee hakuniomba kitu cha kuchezea. Aliomba chombo cha kuhifadhia kumbukumbu ya taifa zima, kumbukumbu ambayo isipopigwa hupotea, maana haikuandikwa popote ila mikononi mwa wazee wa namna yake.

Najua mwalimu atakayesoma maneno haya darasani ataulizwa na mwanafunzi hodari: je, si haki kumlisha kwanza mwenye njaa? Tena wasanii wetu wenyewe, malenga na wapiga ngoma wa vijijini, wangapi hufa bila senti? Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipita mbio. Ni kweli kwamba mtoto mwenye utapiamlo hangoji ngoma iwambwe. Lakini tazameni vizuri mizani yenyewe. Ngozi moja haikuwa ikishindana na chakula cha mtoto yeyote. Ilikuwa ikishindana na uvivu wangu wa kuongeza mstari mmoja katika fomu. Na kuhusu wasanii wetu, kuwatupa hao hakutupi ruhusa ya kuwatupa na hawa. Mwenye deni mbili asiyelipa hata moja hawezi kujitetea kwa kulitaja la pili.

Tena kuna jambo ambalo twalisahau kwa sababu limekwisha kuwa letu. Kinyago cha Kimakonde hupewa wageni wa heshima kama alama ya Tanzania. Wamakonde wako kando zote mbili za Ruvuma, lakini wachongaji wengi walioifanya sanaa hiyo ijulikane duniani walitoka upande wa Msumbiji. Baadhi yao walivuka kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine walikimbia ukatili wa Wareno, hasa baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vilivyoanza Septemba 1964. Samaki Likankoa, ambaye hutajwa kuwa mwanzilishi wa vinyago vya mashetani, alikuwa mmoja wa wavukaji hao katika miaka ya 1950. Roberto Yakobo Sangwani naye alitoka huko huko, na kwake hunasibishwa ule mnara wa watu waliobebana, ambao wachongaji waliuita dimoongo, na ambao sisi, baada ya siasa yetu ya mwaka 1967, tukauita Ujamaa. Fikirini hilo. Kinyago tunachokitumia kueleza itikadi ya taifa letu kilichongwa na mikono ya wageni, kabla itikadi yenyewe haijatangazwa.

Ni nani aliyewapa jembe lao? Si ofisi ya serikali. Ni mpingo wenyewe, vivuli vya miembe kando ya barabara za Dar es Salaam, na wanunuzi kama mfanyabiashara Mohamed Peera, ambaye alizinunua kazi zao na kuwatia moyo. Tumshukuru kwa hayo. Hata hivyo mnunuzi akiwa mmoja, msanii hujifunza kuchonga yampendezayo mnunuzi. Ndipo naona kwamba msaada kwa msanii una hatari yake: mkono unaotoa huweza kuushika mkono unaochonga.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi mtoaji akiwa serikali. Miriam Makeba alipofutiwa pasi yake na utawala wa Makaburu mwaka 1960, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizompa pasi. Hatukumwambia aimbe nini. Pasi ile ndiyo iliyokuwa jembe lake, maana mwimbaji asiyeweza kuvuka mpaka ni mkulima asiye na shamba. Lakini huruma huwa rahisi pale mgeni anapomlaumu adui yetu. Je, akitulaumu sisi? Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kwa kuitwa kazini katika bendi, hakufukuzwa na vita, kwa hiyo simwiti mkimbizi. Alikuwa mgeni aliyesema wazi. Wimbo wake wa kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI ulikataliwa na redio ya taifa. Leo kituo cha basi chaitwa Sinza kwa Remmy, na abiria hulitaja jina hilo kila siku bila kukumbuka kwamba tuliwahi kuziba masikio. Mimi nasema mwenyeji hana haki ya kudai shukrani katika beti. Ana haki ya kudai sheria zake ziheshimiwe, basi.

Pengine kumkaribisha msanii hugharimu damu. Botswana iliwapokea wasanii wa Afrika Kusini, wakaunda kundi la Medu mjini Gaborone. Tarehe 14 Juni 1985 majeshi ya Makaburu yalivuka mpaka usiku, yakaua watu 12, mmoja wao mchoraji Thami Mnyele. Botswana ilikuwa nchi ndogo, bila nguvu ya kujibu. Sithubutu kuwaambia wanafunzi kwamba ukarimu hauna hasara.

Haya yote hayategemei moyo mwema peke yake. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 14, wataka kazi za sanaa za mkimbizi zilindwe katika nchi anamokaa sawasawa na za raia. Ni wachache waliokisoma. Kwa upande wetu, sheria ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali, na sababu za usalama zilizotajwa nazielewa, kwani nami nilizitekeleza. Lakini mpiga ngoma aliyefungiwa kambini huwapigia wanaoijua tayari ngoma yake, na mwanafunzi wa Kasulu, aliye karibu naye kwa mguu, hukua bila kuisikia. Shule iliyo jirani na kambi ingeomba kibali cha alasiri moja kwa muhula, nadhani afisa mwenye akili hangekikataa. Na jina la mzee liandikwe katika daftari la shule, pamoja na jina la ngoma na la aliyemfundisha.

Nilirudi kambini baada ya miezi minane kwa kazi nyingine. Nilisikia mdundo mkavu, nikaufuata. Watoto walikuwa wamepanga madebe ya mafuta ya kula kwa nusu duara, na yule mzee amesimama katikati, akiwaonyesha kwa fimbo mbili. Aliponiona alisimamisha watoto, akanisalimu, akaniuliza kama ngozi imekuja.