Motokaa ya Parokia: Esansi au Mazutu?

Huku kwetu Vulamba, katika milima ya Butembo, kamati ya parokia ilikaa jioni tatu kwa neno moja tu: tununue motokaa ya esansi au ya mazutu? Msomaji wa mbali ajue kwamba esansi yetu ni ile ambayo ndugu wa Kenya na Tanzania huita petroli, na mazutu ndiyo dizeli yao. Huenda wengine watacheka na kusema kwamba jambo hilo ni la fundi, halifai gazeti la Wakristu. Sisi pia tulicheka jioni ya kwanza. Jioni ya tatu hatukucheka, maana tulikuwa tumeona kwamba ndani ya swali la injini kulikuwa na swali jingine: mtu anunuaye kwa fedha za wengine, amnunulie nani?

Fedha zenyewe zilitoka kwa akina mama wauzao sombe na maharagwe, kwa wakulima wa kahawa na viazi, na kwa vijana wanaosukuma chukudu tangu alfajiri. Mtu akikosea kwa fedha zake mwenyewe, hulia peke yake. Lakini tukikosea sisi, yule mama wa sombe atalia bila kujua amekosewa na nani.

Basi, tuanze na injini, kwani asiyeijua huhukumu bure. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne, na injini za esansi za leo ni watoto wake. Ndani yake hewa iliyochanganywa na esansi hubanwa mpaka inabaki sehemu moja ya kumi hivi ya nafasi yake, ndipo bujia hutoa cheche na moto huwaka. Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, alifikiri njia ya pili, na mwaka 1897 mtambo wake ulifanya kazi vema. Huo hauna bujia. Hubana hewa peke yake, hata sehemu moja ya kumi na sita au zaidi, mpaka hewa inapata joto kali; mazutu yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wazee wetu wa kamati walilipenda sana neno hilo la karanga, wakataka kulijadili. Ilitubidi tuwarudishe kwenye mkutano.

Kwa sababu ya kubana sana, injini ya mazutu hula kidogo, labda robo pungufu kuliko ya esansi, nayo huvuta mzigo mzito polepole bila kuchoka. Tena sisi tunakaa juu, Butembo ikipita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya kumi hivi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Motokaa nyingi za mazutu za siku hizi zina turbo ya kuzisukumia hewa. Ndiyo maana mfanyabiashara mmoja wa kamati, mtu mwema mwenye malori, alisema, «Mlima hauna mjadala. Nunueni mazutu.»

Mwalimu wa hesabu aliomba ubao. Akasema: tuseme motokaa ya mazutu inaizidi ya esansi kwa dola 3,000. Tuseme inatuokolea lita tatu kila kilomita 100, na lita ni dola moja na nusu. Hiyo ni dola nne na nusu kwa kilomita 100. Padri wetu, akizunguka vigango vyote, hafikishi kilomita 6,000 kwa mwaka. Basi tunaokoa dola 270 kwa mwaka, na zile dola 3,000 zitarudi baada ya miaka kumi na moja! Kwa mfanyabiashara wetu, aendaye kilomita 40,000, zitarudi kabla ya miaka miwili. Wote wawili walisema kweli, kila mtu kwa njia yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba busara kwanza hutafuta shauri, kisha huhukumu, kisha huamuru kazi ifanyike. Wengi wetu huanza na lile la tatu, hasa tukiisha kuona motokaa ya jirani.

Hapo tukasimama sisi tulio makatekista, tukakumbusha jambo ambalo wengine hawakutaka kulisikia. Miaka iliyopita tulikuwa na motokaa ya mazutu, ya kupewa. Usiku mmoja wa mvua waliletwa habari za mama mwenye uchungu wa kuzaa katika kigango cha mbali. Jioni ile motokaa ilikuwa imejazwa mafuta kutoka kwa mwuzaji wa bei nafuu, na mafuta yale yalikuwa na maji. Hata nusu ya njia hatukufika. Pompi ya mazutu ilikwisha. Watu walimbeba yule mama kwa kipoyi, kwa mabega, saa nne kwenye matope. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Sisi hatusemi kwamba motokaa ilimwua mtoto. Daktari peke yake aweza kusema, na hata yeye alinyamaza. Twasema tu kwamba tangu usiku ule neno «bei nafuu» halitupiti hivi hivi. Maji ni adui wa injini zote mbili. Lakini pompi na vinyunyizio vya mazutu, hasa vya motokaa mpya ambavyo husukuma mafuta kwa nguvu mno, huharibika upesi, na kuvitengeneza ni ghali. Motokaa ya esansi ikinywa maji, mara nyingi fundi wa kijijini hufungua tangi, husafisha, hubadili bujia, na safari inaendelea. Ziko injini za mazutu za zamani, kama zile za Toyota Land Cruiser, zinazovumilia mengi. Bei yake kwetu ilikuwa ya ndoto.

Na yule atiaye maji au mafuta ya taa ndani ya mazutu? Katika mafundisho tumezoea kusema kwamba mwizi huiba kitu. Huyu huiba safari, wala hajui ni safari ya nani. Lakini tusimwangukie mwuzaji wa chupa peke yake. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba kampuni kubwa ya Volkswagen iliweka katika motokaa zipatazo milioni 11 za mazutu ufundi wa kudanganya: zikipimwa, moshi wake ulikuwa safi, zikitoka barabarani, ulikuwa mwingine. Wale walikuwa na vyuo, maabara na mawakili. Mwenzetu wa chupa ana faneli tu.

Neno la moshi lilitukalisha muda mrefu kuliko yote. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa watu. Moshi wa esansi nao si uvumba: katika gereji iliyofungwa huua mtu kimyakimya. Lakini masizi meusi ni ya mazutu zaidi. Huko Ulaya, tangu 2009, mazutu ya motokaa hayaruhusiwi kuwa na kibiriti zaidi ya sehemu 10 katika milioni. Uganda na jirani zake za Afrika Mashariki waliweka kiasi cha 50 mwaka 2015. Mafuta mengi ya kwetu hupita Uganda na kuingia kwa Kasindi. Hata hivyo, yakiisha kupita mikono mitano mpaka chupani, nani ajuaye yaliyomo? Na zile chujio ambazo motokaa mpya huwekewa ili kuzuia masizi huziba upesi kwa mafuta machafu na safari fupifupi. Safari za Padri karibu zote ni fupi.

Basi tukaona kwamba katika kamati palikuwa na mtu wa kulipa na mtu wa kupanda. Mtu wa tatu hakuwapo: yule abakiye barabarani nyuma ya motokaa, mtoto wa shule mwenye kitambaa puani, motari aliye nyuma yetu mlimani. Yeye hakuulizwa, naye ndiye avutaye tunachokichagua. Tena tunakumbuka siku za Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ambapo jeepu nyingi zilijaa Butembo na Beni. Zilikuja kuokoa, na wengi waliokolewa. Lakini watu walisimama kando ya njia wakiulizana: siku zile tulipokuwa tukiuawa Beni, tangu 2014, jeepu hizi zilikuwa wapi? Hatuwezi kusahau macho yale. Motokaa ya Padri haifai kutazamwa hivyo.

Mwisho tulipiga kura. Tutanunua motokaa ya esansi, ya kati, iliyokwisha tumika, yenye miguu minne ya kuvuta, na zile dola zilizobaki zitawekwa katika sanduku la matengenezo na mafuta ya wagonjwa, lenye funguo mbili kwa watu wawili. Mfanyabiashara wetu hakukasirika. Kwa malori yake ataendelea na mazutu, na sisi tulimwambia kwamba kwa hesabu yake ana haki. Alituahidi kutuuzia esansi iliyochujwa mbele ya macho yetu.

Aliyekataa ni mmoja tu, katekista mzee aliyetufundisha sisi sote kazi hii. Alisimama kwa fimbo yake akasema, «Wanangu, hesabu yenu ni nzuri. Lakini siku mtakapokuwa na wagonjwa watatu, magunia mawili na mlima wa kigango changu wakati wa mvua, esansi yenu italia.» Hatukupata jibu la kumpa, maana huenda ikalia kweli. Tuliandika neno lake katika kitabu cha mikutano kama alivyolisema. Motokaa inangojewa mwezi huu, naye ameomba akae kiti cha mbele katika safari ya kwanza ya kupanda kule kwake.