Habasoda, Ini na Amana ya Ulimi

Ndugu zangu katika imani, baada ya swala ya Ijumaa si ajabu kumkuta muuzaji nje ya msikiti akinadi mafuta ya habasoda: "Tiba ya Mtume! Sayansi imethibitisha, inaponya ini!" Je, anayenadi hivyo amesema kweli?

Tuanze na sayansi. Ndani ya habasoda mna kiambato kiitwacho thaimokwinoni. Watafiti huwapa panya wa maabara sumu ya kaboni tetrakloridi, ambayo ini lenyewe huigeuza kuwa chembe kali zinazoharibu utando wa seli. Panya waliopewa thaimokwinoni kabla ya sumu, mara nyingi ini lao limeonekana kuumia kidogo kuliko la wenzao. Hiyo ni habari njema, lakini tuisome vizuri: ni panya, si mtu, ni kinga iliyotangulia, si tiba iliyofuata, madhara ni ya kemikali, si ya kirusi. Mgonjwa wa homa ya ini aina ya B hakunywa kaboni tetrakloridi. Akiacha dawa za hospitali kwa ajili ya chupa ile, ini laweza kuharibika kimyakimya hata likashikwa na saratani.

Atauliza mtu: unaipinga hadithi? Hasha. Hadithi kwamba habasoda ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti imo katika Bukhari na Muslim, nasi tunaiamini. Lakini al-Khattabi, ambaye Ibn Hajar amemnukuu katika Fath al-Bari, alieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni maradhi mahususi. Hadithi ni ya Mtume (s.a.w.), kipimo, chupa na ahadi ni vya muuzaji. Kumhoji muuzaji si kumkadhibisha Mtume.

Tena imepokewa katika Abu Daud kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Nia njema haimwondolei dhamana hiyo. Nasi wanafunzi tunaosambaza ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp, tukiandika "imethibitishwa" pale mtafiti alipoandika "huenda", tunatoa ushahidi wa tusilolijua, na gharama yake inalipwa na ini la mtu mwingine.

Basi tumia habasoda ukipenda, ila mweleze daktari wako. Kapime homa ya ini, na ukiwa huna, upate chanjo. Kujitibu ni sunna. Kusema kweli ni faradhi.

Wallahu aalam.