Kijiti cha Oili
Anayeazimia kulifahamu gari lake, hali hajui hata boneti hufunguliwaje, haimlazimu kumhusudu fundi wala kuipekua injini. Na aanze kwa kijiti cha oili. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, na injini imezimwa dakika kadhaa hata oili ikateremka, akichomoe, akifute, akitumbukize tena, kisha atazame kama oili imefika baina ya alama mbili. Oili nyeusi si ajabu, hasa ya dizeli. Iliyogeuka mfano wa maziwa aghalabu ni dalili ya maji kupenya, na hapo fundi aitwe bila ya taakhira. Ama kifuniko cha rejeta, tafadhali, kisifunguliwe abadan injini ingali moto: maji yaliyoshindiliwa humo hupita nyuzi 100 pasipo kuchemka, na yakipata upenyo huruka usoni.