MKAAZI ASIYE RAIA NA HAKI YA KUPIGA KURA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika darsa zetu za hapa Ganda limezuka swali ambalo twaona haifai kulinyamazia. Je, mtu akaaye katika mji, akalipa ushuru wake na kuzika wafu wake humo, lakini si raia wa nchi, ana haki ya kumchagua mwakilishi wa wadi na gavana wa kaunti? Wako wasemao ndiyo, na wako wasemao hasha. Nasi twapenda kulipima kwa mizani ya haki, si kwa mapenzi wala kwa chuki, kwani kura ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Sheria ya nchi iko wazi. Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 kimeweka sharti kwamba mwenye kuandikwa kuwa mpiga kura awe raia aliye mtu mzima, wala hakikutenga uchaguzi wa kaunti na ule wa taifa. Basi hatumpi mtu ruhusa ya kununua kitambulisho, au kujiita kwa kabila lisilo lake ili apate kura. Uwongo haugeuki kuwa halali kwa kuwa mwenye kuusema amedhulumiwa. Lakini sheria kuwa wazi ni jambo moja, na sheria kuwa adilifu ni jambo jingine. Na hili la pili ndilo tulizungumzalo.

Wenzetu wa nchi nyingine wamepita njia mbalimbali. Sweden iliwapa wageni wakaazi kura ya mabaraza ya miji tangu 1975. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mkataba wa Maastricht wa 1992, huruhusiana raia wao kuchagua mabaraza popote wakaapo ndani ya Umoja huo. Na Uingereza humwandika Mkenya au Mtanzania aishiye kule kwa kibali halali, achague baraza la mji na hata Bunge, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Tazameni basi ajabu hii: kijana wa Malindi aliyehamia London miaka michache humchagua diwani wa mtaa wake wa ugenini, ilhali mvuvi aliyezaliwa pwani hii ya Kilifi na wazazi waliotoka Pemba, akiwa hana kitambulisho, hakuweza kuchagua yeyote mwaka 2013, wala 2017, wala 2022.

Wapemba hawa hawakuja jana. Wako waliofuata samaki zamani za ukoloni, na wako waliokimbia baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Na wale wa kwanza hawakuvuka mpaka wowote, kwani hadi Desemba 1963 ukanda huu wa pwani, sawa na Pemba, ulikuwa wa Sultani wa Unguja. Hawakuhama wao; ni mpaka uliowapita wakiwa wamelala. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, aliyeshika jembe miaka sitini aitweje? Serikali iliwatambua Wamakonde mwaka 2016, na Wapemba ikawatambua mwaka 2023. Ni jambo jema, ijapokuwa lilichelewa.

Lakini na tuwasikilize wapingao, kwani hawakosi hoja. Mmijikenda ambaye babu zake waliikosa ardhi yao ilipoandikwa kwa majina ya wengine chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, akabaki skwota katika kiunga cha wazee wake, ana haki ya kuhofu. Aona Wataliani wamejenga Malindi tangu miaka ya 1960, wana mahoteli na majumba ya ufukweni. Akisikia kwamba mgeni naye atapiga kura, huuliza: ardhi imekwenda, je, na kura nayo iende? Na wanaojibu kwamba mgeni apewe kura kwa kuwa alipa kodi, wamekosea kipimo. Ingekuwa kura ni bei ya kodi, tajiri angestahiki kura mia na fukara asingestahiki hata moja.

Kipimo twakiona karibu nasi, msikitini. Katika madhehebu yetu ya Shafii, watu wako mafungu matatu mbele ya Ijumaa. Yuko msafiri, nayo haimlazimu. Yuko mukimu, aliyekaa kwa haja yake na nia yake ni kurudi kwao. Yamlazimu, lakini hahesabiwi katika wale arubaini ambao kwao Ijumaa husihi. Na yuko mustautini, aliyeufanya mji kuwa ndio kwao, hauondoki kaskazi wala kusi ila kwa haja. Huyu yamlazimu, naye huhesabiwa. Hatusemi kuwa Ijumaa na uchaguzi ni kitu kimoja. Twasema wanazuoni hawakuuliza rangi, wala kabila, wala mali, waliuliza makao.

Kwa kipimo hiki, mustautini, awe Mpemba au mwingine, ni dhulma kumnyima uraia, na kwa uraia apate kura kamili. Asiwekewe kura ya nusu wala ya hisani. Ama mukimu, ambaye mambo yakiharibika anayo nchi ya kurejea, hatuoni dhulma akikosa kura. Lakini ni dhulma akikosa kusikilizwa. Kifungu cha 196 cha Katiba chalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Soko analouzia na maji anayokunywa vyamhusu, basi akaribishwe aseme. Mtume wetu (s.a.w.) mwaka wa tano wa Hijra aliipokea rai ya Salman, naye ni Mfursi, likachimbwa handaki na Madina ikasalimika. Rai ya haki haiulizwi kabila.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi tulio raia. Watu wa Ganda wajua uzito wa kura ya wadi, kwani uchaguzi mdogo wa Oktoba 2019 ulitanguliwa na ugomvi uliotoa roho ya mtu. Na kila uchaguzi wako wanaouza ushahidi wao kwa unga na noti chache. Mwenye kumzuia jirani yake asipate haki ambayo yeye mwenyewe huiuza, huyo hailindi nchi. Alinda bei tu. Wapemba waliotambuliwa na waende wakajiandikishe, na sisi tuliozaliwa na haki hii tuitumie kama amana, tukijua kwamba tutaulizwa.

Wabillahi taufiki.