Miti Ilipotafuta Mfalme

Neno letu ni Waamuzi 9:7-15.

Miti ilitaka mfalme. Mzeituni ukakataa, ukiyafikiria mafuta yake. Mtini ukakataa, mzabibu pia. Ukabaki mti wa miiba, usio na tunda wala kivuli, nao ukakubali, tena kwa vitisho vya moto. Wahubiri wengine huusifu mzeituni kwa unyenyekevu. Mimi siusifu.

Pale Kamukuzi, Mbarara, kuna jumba la Omugabe wa Ankole. Yeye alitawala kwa kurithi. Mwaka 1967 serikali ya Obote ilifuta falme. Tangu 1993 nyingine zimerudishwa, ya Ankole bado. Kamanda wetu wa kambi hakurithi wala hakupigiwa kura: anatumwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Lakini viongozi wa wakimbizi, wale wa RWC, tunawachagua sisi wenyewe.

Siku ya kuchagua ikifika, mama anayeaminiwa na majirani wote anasema, "Mimi nina mahindi yangu ya kupalilia." Mzee mwenye hekima anasema siasa ndiyo iliyomfukuza kwao. Namwelewa, kwani wengi wetu tuliona utawala ukishikwa kwa bunduki. Lakini Yesu, katika Marko 10, hakuwakataza wanafunzi kuongoza. Aliwaonyesha kwamba mkubwa ni yule anayetumika.

Basi majirani wakikuomba usimame, usijibu hapohapo. Omba siku tatu, halafu njoo tuongee baada ya ibada.