Pima Maji Kabla ya Kununua Pampu

Septemba 2013 habari njema zilivuma kutoka Turkana. Serikali ya Kenya pamoja na UNESCO walitangaza kwamba chini ya bonde la Lotikipi kuna hifadhi ya maji iliyokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 200. Nani asingefurahi? Kufikia 2015 vipimo vilileta jibu chungu: maji yapo, lakini yana chumvi kupita kiasi cha kunyweka.

Dalili zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Hifadhi hiyo ilitafutwa kwa setilaiti na rada, kisha ikathibitishwa kwa kuchimba. Rada hubashiri maji yalipo, haiyaonji. UNESCO wenyewe walisema ubora wa maji bado ulihitaji kuchunguzwa, ila sentensi hiyo ilimezwa na zile bilioni. Isitoshe, sisi watu wa Bonde la Ufa tunaishi na maziwa ya magadi, kuanzia Turkana mpaka Elementaita. Tulipaswa kushtuka.

Nasema sisi, kwa kuwa kosa hili halichagui mtu. Hapa Nakuru, Milimani tukiwamo, ni rahisi kuchimba kisima na kukimbilia dukani kuuliza pampu ya nguvu farasi ngapi, na floridi haijapimwa. Meno ya kahawia ya watoto waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi tunayaona kila siku. Wala kuchemsha hakusaidii: maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi kukolea.

Na kule pwani, anayetaka kuchuja maji ya bahari anakabiliwa na mtego mkubwa zaidi. Lita moja ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Pampu ndogo inaweza kuyainua, lakini kuyapenyeza kwenye utando wa kuchuja kunahitaji shinikizo la mara 55 hadi 70 ya lile la hewa ya pwani. Hiyo ni kazi ya pampu nyingine kabisa, na bei yake ni nyingine. Hata ile ya kuinua usiichague kwa bei tu. Chuma cha kawaida huliwa na chumvi upesi. Chuma cha pua cha namba 304 hung'aa dukani, kisha huota vitobo. Cha 316 huvumilia zaidi, nacho kioshwe kwa maji matamu kabla ya kulazwa.

Jamani, chukueni sampuli kwanza, maabara iseme, na karatasi hiyo ndiyo iende dukani.

Ukishafika dukani, dalili nyingine imebandikwa kwenye pampu yenyewe. Kibao kikisema inavuta kutoka kina cha mita 8, hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu yake, hewa ni nyepesi, na mita 8 ni ukomo wa kitabuni tu. Kazini shukuru ukipata 6. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, tafuta pampu ya kuzamisha.